Hedifoni zinazong'ata nyuma ya sikio

"Kaka fundi, hizi zinaning'ata."

Alizitua mezani kwa vidole viwili, kama mtu aliyeshika kaa. Hedifoni kubwa nyeusi za kufunika masikio, zisizo na waya, za jina ambalo ukilitafuta leo hulioni tena sokoni. Nikadhani anasema zinabana. Hazibani, akasema. "Ukiwa umezivaa, ziko kwenye chaja, unaongea na mtu, ghafla hapa nyuma ya sikio unasikia kama siafu. Ukizivua ukatazama, hakuna kitu. Ukizirudisha, kimya. Baada ya nusu saa, tena."

Binti huyu anakaa Tabata, Dar es Salaam, na mama yake. Kazi yake ni kupokea simu za wateja akiwa nyumbani, kuanzia saa mbili usiku mpaka saa kumi alfajiri. Saa nane za kuongea. Hedifoni zikizima katikati ya simu, mtu wa upande wa pili anakata kwa hasira na yeye anaandikiwa alama mbaya. Kwa hiyo tangu siku aliyozinunua, mwaka mmoja na miezi kadhaa nyuma, alijiwekea utaratibu: akianza zamu anachomeka waya wa chaja kwenye kikombe cha kulia na kufanya kazi hivyo hivyo, kama mbuzi aliyefungwa kamba, mpaka alfajiri. Mwanzoni ilikuwa tahadhari tu. Siku hizi imekuwa lazima, maana bila waya zinakata saa sita usiku.

Alinieleza na mambo mengine mawili ambayo niliyasikiliza nusu nusu. Jumapili akisikiliza taarabu huku zikichaji, ile taa nyekundu inazima yenyewe. Siku za kazi haizimi hata kukikucha. Na kung'atwa kunakuja zaidi siku ambazo mama amepiga deki jioni. Jibu karibu lote lilikuwa humo, na mimi nikaliacha lipite.

Nilichofanya ni kile ambacho fundi yeyote mwenye simu kumi na mbili zinazosubiri mezani angefanya. Nilibandua sponji, nikafungua skrubu nne, nikachungulia. Betri bapa, imezungushiwa plasta ya njano, imeandikwa volti 3.7 na miliampea-saa 400, imeumuka kama andazi linaloanza kuiva. Nikaitia kwenye kifaa changu cha kujaza na kumaliza chaji ili nijue imebakiwa na nini: ikatoa 140. Betri imekufa, nikatangaza, na ikivimba inagusa vitu humo ndani, ndiyo maana unasikia shoti. Nikaweka mpya, nikachukua 8,000, akaenda zake.

Maelezo yale yalikuwa upuuzi. Betri ya volti 3.7 haimtekenyi mtu kupitia ngozi. Chukua betri ya simu, bana ncha zake mbili kwa vidole vyako: hutasikia lolote. Hata ile ya volti 9 lazima uiguse kwa ulimi ndipo ikushtue. Nililijua hilo tangu najifunza kushika pasi ya kulehemu. Lakini betri iliyovimba ina namna ya kumfunga mtu mdomo; ukishaiona huulizi tena.

Siku ya tatu akarudi. "Fundi, hazikati tena, nashukuru. Ila kung'ata zinang'ata vile vile."

Safari hii nikamwambia aniletee kila kinachogusana na hedifoni. Akaleta mfuko wenye waya na chaja. Chaja yenyewe nyeupe, ndogo kama kiberiti, pini mbili za mviringo, ile ambayo kuiingiza kwenye soketi zetu za matundu matatu lazima usukume tundu la juu kwa kalamu kwanza. Aliinunua 3,000 barabarani. Pembeni ina alama ya mraba ndani ya mraba, inayomaanisha kwamba kifaa kina kinga mbili na hakihitaji ethi, yaani waya wa kupeleka umeme ardhini. Alama ni wino. Kiwanda chochote kina wino.

Kibandani nina ethi ya kweli, nondo ya shaba niliyoipigilia mwenyewe nyuma ya ukuta, na waya wake unaingia mpaka kwenye soketi. Nikachomeka chaja, nikagusa bati la USB kwa testa ya bisibisi. Kitaa ndani ya testa kikawaka, hafifu, rangi ya chungwa, kama kaa la sigara linalozimika. Kifaa hiki kinatoa volti 5. Testa haiwaki kwa volti 5. Inataka makumi ya volti. Nikachukua mita, nikaiweka kwenye volti za AC, yaani umeme wa aina ya ukutani, ncha moja kwenye bati la USB, nyingine kwenye ethi. Ikasoma 104.

Hapa ndipo watu wanaporuka. Volti 104 kwenye sikio! Tulia kwanza. Volti peke yake haikuambii kama kuna nguvu nyuma yake. Bomba la nyumba ya mwisho mtaani ukiliziba kwa kidole unasikia presha, ukiachia linatoka tone. Ili nijue hili ni bomba la namna gani nikaunganisha kizuizi (resista) cha omu 10,000 kati ya bati la USB na ethi, nikapima tena juu ya kizuizi hicho. Zile 104 zikaporomoka mpaka 0.8. Gawanya kwa 10,000, unapata miliampea 0.08. Tone.

Tone hilo linatoka wapi? Ndani ya kila chaja ya aina hii kuna pande mbili ambazo hazitakiwi kukutana: upande wa ukutani wenye volti 230, na upande wako wenye 5. Kati yao iko transfoma, na kuvuka mpaka huo kunawekwa kapasita moja ndogo, kijisehemu kinachotunza chaji kidogo ya umeme, kwa makusudi, ili kumeza kelele za umeme zinazotokana na chaja kujiwasha na kujizima maelfu ya mara kwa sekunde. Kapasita hiyo inapitisha umeme kidogo sana wa AC. Ndiyo maana bati la USB linaelea kwenye takriban nusu ya umeme wa ukutani: nusu ya 230 ni 115, na mita yangu ya bei nafuu inalemea kidogo, ikasoma 104. Hata chaja halali ina uvujaji huu. Viwango vya kimataifa vimezoea kuuwekea vifaa visivyo na ethi mpaka wa robo ya miliampea. Yetu ilikuwa chini ya theluthi ya hapo.

Sasa deki. Nilishika skrubu ndogo ya utepe wa chuma unaoshikilia kikombe, ile inayokaa hasa nyuma ya sikio, nikaunganisha mita kati yake na tundu la chaji. Piii. Chuma cha kichwani na bati la USB vilikuwa kitu kimoja. Mtu akivaa ndala, au sakafu ikiwa kavu, njia ya umeme kwenda ardhini haijakamilika, hasikii kitu. Akivua ndala akaweka nyayo kwenye vigae vilivyopigwa deki muda si mrefu, njia imefunguka: chaja, waya, utepe, skrubu, shingo, miguu, sakafu. Kiganja cha mkono huenda kisingegundua. Lakini ngozi ya nyuma ya sikio ni nyembamba, ina jasho la Dar, na skrubu ni ncha ndogo inayogusa mahali pamoja. Siafu ndio huyo.

Kwa hiyo kung'ata kwenyewe hakukuwa hatari, na ningeweza kumwambia avae ndala nikafunga jalada. Kilichonizuia ni kapasita. Nilitaka kuiona.

Chaja ile haina skrubu, imegundishwa. Nikaibana kwenye jiliwa mpaka ikapasuka. Ndani bodi ya kahawia upana wa vidole viwili, na kapasita ya bluu, duara kama kidonge, imeandikwa 222 na chini yake 1KV. Basi. Kapasita ya kazi hii inatakiwa kuwa na herufi Y mwilini, mara nyingi Y1, pamoja na msururu wa nembo za maabara. Tofauti si urembo. Kapasita ya Y1 imejaribiwa kwa mapigo ya volti 8,000, na imeundwa ili ikiharibika ikate njia. Ya kawaida ikiharibika inaweza kufa ikiwa imeshikana, maana yake pande mbili zile zimekuwa waya mmoja. Siku hiyo lile tone la 0.08 halipo tena. Kinachofika kwenye skrubu nyuma ya sikio ni volti 230 zenye gridi nzima nyuma yake, na mvaaji yuko peku kwenye sakafu yenye maji.

Nikageuza bodi. Kati ya mstari wa shaba wa upande wa ukutani na ule wa upande wa USB panatakiwa kuwe na milimita 5 au zaidi za ubao mtupu. Kwenye kona moja ya hii palikuwa pembamba kuliko unene wa kucha, na juu yake mabaki ya dawa ya kulehemu yanayonata, yenye vumbi. Dar ina unyevu, ina chumvi ya baharini, ina mende. Nimewahi kukuta mende amekauka juu ya pengo kama hilo, nusu yake huku na nusu yake kule.

Siyo mimi tu ninayezichukia hizi. Mwaka 2016 UL, maabara ya kupima usalama wa vifaa, ilipima adapta 400 za bandia zilizotengenezwa kuiga zile za iPhone. Zilizofeli ni 397, na 12 kati yake zilikuwa mbovu kiasi cha kuweza kumuua mtumiaji kwa umeme. Miaka mitatu kabla, baada ya habari za mwanamke nchini China kufa akiwa na simu iliyokuwa kwenye chaja, Apple ilitangaza mpango wa kupokea adapta za kuiga na kuwauzia watu halisi kwa bei ya chini. Tukio lile nalo lilienea duniani kama kifo cha simu.

Nikampa chaja yangu moja ya zamani, nzito, ya pini tatu, iliyokuja na simu enzi zile simu zikija na chaja. Wiki nzima hakung'atwa. Wiki ya pili akapiga: zimeanza tena, lakini siyo kila siku. Siku gani? Siku ambazo mama anachajia simu yake ile chaja nzuri, yeye anachomeka hedifoni kwenye laptopu.

Jumapili nikaenda nyumbani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, karibu. Umekuja kututolea mashetani ya waya?"

Mama alikuwa na nadharia yake, na alikuwa na ushahidi: ujumbe wa WhatsApp wenye picha ya hedifoni zilizoungua. Maneno yalihusu India, na tukio lenyewe halikuwa la kutungwa. Agosti 2021 magazeti ya huko yaliripoti kifo cha kijana katika kijiji cha wilaya ya Jaipur, Rajasthan: alikuwa amevaa hedifoni za Bluetooth zilizochomekwa kwenye umeme, zikalipuka. Lakini ujumbe uliomfikia mama ulikuwa umenyofolewa kila kitu isipokuwa Bluetooth na mlipuko, halafu ukaongezwa miale inayopika ubongo. Mjomba wa hapo jirani alikuwa ameshauri binti afunge karatasi ya foili ndani ya kofia.

"Kwani hazitalipuka, mwanangu?"

Sikutaka kumdanganya mama mtu mzima. Betri yoyote ya lithiamu inaweza kuwaka. Februari 2017, kwenye ndege iliyotoka Beijing kwenda Melbourne, abiria aliyelala akisikiliza muziki alizinduliwa na mlipuko usoni. Hedifoni zake zilikuwa zinawaka, akazitupa sakafuni, wahudumu wakazimwagia ndoo ya maji. Taasisi ya usalama wa usafiri ya Australia iliielekezea kidole betri. Lakini pima ukubwa wa vitu. Betri ya binti yake ina nguvu ya wati-saa moja na nusu hivi. Inaweza kuunguza sikio na nywele, na hilo si dogo. Umeme wa ukutani hauna kipimo cha namna hiyo. Utatiririka mpaka kitu kikate. Nikisikia habari ya mtu aliyekufa na kifaa kilichochomekwa ukutani, cha kwanza ninachouliza ni kilichomekwa kwa kutumia nini. Picha za WhatsApp hazionyeshi chaja.

Miale je? Bluetooth ya hedifoni inatoa nguvu ya miliwati chache, zikiwa kwenye chaja au la. Waya wa chaji hauiongezi hata chembe. Mama alinitazama kwa huruma.

Kwenye meza ya binti kulikuwa na laptopu, chaja yake ya plagi ya pini tatu yenye fyuzi, na ekstensheni ndefu ya matundu matatu inayopita chini ya kitanda. Kila kitu kinaonekana sawa. Nikavuta waya mpaka dirishani, nikaufunga kwenye nondo ya kuanikia nguo iliyozama ardhini nje, hiyo ikawa ethi yangu ya muda. Kizuizi kile kile cha omu 10,000, mita, na skrubu ya chini ya laptopu: volti 2.1. Miliampea 0.21. Zaidi ya mara mbili na nusu ya ile chaja ya kalamu! Nikaichomoa laptopu kwenye ekstensheni, nikaichomeka moja kwa moja ukutani. Sifuri.

Ekstensheni nikaifungua kichwa kwa bisibisi. Matundu matatu, shaba tatu ndani yake zinang'aa, na waya mbili. Shaba ya juu, ya ethi, haikuunganishwa na chochote. Haikuwa imekatika, haijawahi kuwekwa. Nikafungua na plagi: pini ndefu ya ethi ipo, imekaa kama jino la bandia. Kebo yenyewe kutoka kiwandani ni ya waya mbili. Nimeshaona nyingi, na bado kila ninapofungua moja ninakasirika, kwa sababu chaja ya pini mbili angalau haikuahidi ethi. Laptopu za plagi ya pini tatu zinategemea ethi kumwaga uvujaji wao. Ukizinyima, uvujaji huo unatafuta njia nyingine, na hedifoni zilizochomekwa kwenye USB ya laptopu hiyo zilikuwa njia nzuri kabisa, moja kwa moja mpaka kichwani.

Ekstensheni mpya ya waya tatu ilinunuliwa jioni ile ile. Kung'ata kukaisha.

Ila taa nyekundu ilikuwa bado haizimi siku za kazi, na mimi nilikuwa nimeweka betri mpya ambayo ingekufa kama ile ya kwanza. Hili ndilo nililifurahia zaidi, labda kwa sababu halikuwa na mtu wa kulaumiwa.

Kazi ya kuchaji ndani ya hedifoni hizi inafanywa na chipu ya miguu 5, ndogo kama punje ya mtama, ya jamii ya 4054. Pembeni yake kizuizi kinachoiambia iende kasi gani. Hapa kilikuwa cha omu 4,000, na hesabu ya chipu hizi ni 1,000 gawanya kwa hicho, basi miliampea 250. Inasukuma 250 mpaka betri ifike volti 4.2, halafu inashikilia hapo hapo huku mkondo ukipungua wenyewe kadiri betri inavyoshiba. Mkondo ukishuka hadi sehemu moja ya kumi, yaani miliampea 25, chipu inasema imeshiba, inajifunga, taa inazima.

Chipu haina macho. Haijui kama mkondo unaotoka unaingia kwenye betri au unaliwa na kitu kingine, kwa sababu kwenye bodi hii betri, chipu ya Bluetooth na spika zote zimefungwa kwenye waya mmoja. Nikapima ulaji: muziki peke yake, miliampea 18. Simu, yenye maikrofoni wazi na redio inayotuma na kupokea, 34. Jumapili ya taarabu, betri ikishashiba zinabaki 18, chini ya 25, taa inazima. Siku ya kazi zinabaki 34 na hazishuki, kwa hiyo chipu inaamini betri bado ina njaa na inaendelea kuibana kwenye volti 4.2 zamu nzima, usiku baada ya usiku. Betri za lithiamu zinachakaa haraka zikikaa muda mrefu kileleni namna hiyo, hasa kwenye joto, na joto lipo: chumba, sikio, sponji, na chipu yenyewe ambayo ikichaji kwa kasi yote inachoma karibu theluthi moja ya wati ndani ya kikombe kilichofungwa. Ndivyo 400 zilivyogeuka 140. Na 140 gawanya kwa 34 ni saa nne na dakika chache. Saa mbili usiku ongeza saa nne, saa sita. Ndiyo saa aliyonitajia siku ya kwanza.

Alichaji ili zisikate, na kuchaji kule ndiko kulikozifanya zikate, na zilipoanza kukata akachaji zaidi.

Unaweza kujenga bodi isiyokuwa na ugonjwa huu. Umeme wa chaja unagawanywa njia mbili, moja inalisha kifaa, nyingine inalisha betri peke yake, na chipu inajua ipi ni ipi. Inagharimu kidogo zaidi. Wengine wanakwepa kwa kufunga mlango: Bose QC35 ya mwaka 2016 ukiichomeka kwenye chaja inakata Bluetooth, na Sony WH-1000XM4 ya 2020 inajizima kabisa. Wateja wamewatukana watengenezaji hao miaka yote kwa hilo. Lakini mwaka huo huo wa 2020 Apple ilitoa AirPods Max zinazopiga muziki huku zikichaji, na Sony nayo ilipofika WH-1000XM6, mwaka 2025, ikafungua mlango. Kwa hiyo swali la kama inaruhusiwa halina jibu moja. Kama mtengenezaji amezifunga, usitafute ujanja. Kama amezifungua na jina lake linajulikana, yaelekea alishafikiria joto na betri. Za jina lisilojulikana, kama hizi za Tabata, hazikufunguliwa wala kufungwa na mtu. Hakuna aliyefikiria.

Tulijaribu pawabenki kabla ya kutulia. Kwa upande wa shoti ndiyo njia safi, haina uhusiano na ukuta kabisa. Ikatushinda kwa kitu cha kipuuzi: pawabenki nyingi zikiona mzigo mdogo zinadhani zimesahauliwa, zinazima. Miliampea 34 ni mzigo mdogo. Kila akiitazama, imelala.

Halafu tukapiga hesabu ambayo tungetakiwa kuipiga mwanzo. Betri mpya 400, simu 34 kwa saa, zamu saa nane: 272. Inabaki akiba. Hahitaji waya hata kidogo. Sasa anachaji mchana hedifoni zikiwa juu ya meza, taa nyekundu inazima, anachomoa, usiku anazunguka na simu zake mpaka jikoni. Anasema alikuwa amesahau kwamba hazina waya.

Mama bado anazichomoa zote mvua ya radi ikianza, na hapo sina ubishi naye.

Chaja ya kalamu nimeifunga kwa mpira, nusu wazi, nimeitundika kwenye msumari pale kibandani ili watu waione kapasita ya bluu. Wiki hii wateja wawili wameniuliza ninaiuza shilingi ngapi.